Imani Ionekanayo katika Kazi za Kila Siku
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wazee wa vijiji na walimu)



Tumeombwa tuseme maneno juu ya Mkristo na maisha yake ya kila siku. Hatukuja kuhubiri, maana wachungaji na mapadre wapo, na kazi hiyo ni yao. Sisi ni makarani. Kazi yetu ni kuandika yaliyotendeka na kuyatunza yasipotee. Basi tutasema kama makarani: tutayataja mambo yaliyotendeka katika nchi hii yetu na katika nchi jirani, pamoja na miaka yake, nanyi mtayapima wenyewe. Wenzetu Waislamu walioketi hapa wasidhani kwamba maneno haya hayawahusu. Habari ya amana, na habari ya ujira wa kibarua, wanaijua katika dini yao kama sisi tunavyoijua katika yetu.

Mtu wa Ngara hawezi kusema habari za dini bila kusimama kwanza darajani Rusumo. Karibu na pale mto Ruvubu huingia katika Kagera, na maji huanguka gengeni kwa kishindo. Tarehe 28 Aprili 1994, na usiku wake, hata siku ya pili, watu wapatao 250,000 walivuka daraja lile kutoka Rwanda wakaingia wilaya ya Ngara. Wilaya nzima, kwa hesabu ya watu ya mwaka 1988, ilikuwa na wenyeji wasiofika 200,000. Sisi tunaosema leo tulikuwa watoto wa kubebwa mgongoni, lakini wengi wenu mliona kwa macho. Walikuja na mikeka, sufuria, mbuzi na baiskeli. Askari wetu wa mpakani waliwanyang'anya silaha, na mapanga yakalundikana kando ya njia kama kuni. Na chini ya daraja, mto ulikuwa ukichukua maiti za watu wengine, wasiowahi kuvuka, ukizipeleka hata Ziwa Viktoria.

Sasa jambo linalotusumbua ni hili. Rwanda ilihesabiwa miongoni mwa nchi za Afrika zenye Wakristo wengi sana kwa kadiri ya idadi ya watu wake. Waliouawa walikuwa wamebatizwa, na waliowaua walikuwa wamebatizwa. Nyarubuye si mbali na mpaka wetu. Mwezi ule wa Aprili maelfu ya watu walikimbilia kanisa la pale, wakidhani kwamba hakuna mtu atakayeinua mkono mbele ya altare, wakauawa pale pale. Sylvestre Gacumbitsi, aliyekuwa meya wa Rusumo, alivuka daraja pamoja na watu wake akakaa katika kambi ya Benaco, hapa kwetu. Baadaye Mahakama ya Kimataifa iliyokaa Arusha ilimhukumu mwaka 2004 kwa mauaji hayo, akapewa miaka 30. Na katika rufani ya mwaka 2006 hukumu ikafanywa kifungo cha maisha.

Watu wamezoea kulieleza jambo hili kwa neno moja: wale hawakuwa Wakristo wa kweli. Jawabu hilo ni rahisi mno, na mtu akiisha kulitoa hulala vizuri. Sisi twaona afadhali kuuliza namna nyingine: Imani yao ilikuwa ikikaa wapi siku za amani? Ilikaa katika mambo gani, na mambo gani yaliachwa nje?

Ili kujibu twende nyuma miaka sitini kabla ya hapo, maana nchi ile ile ya mashariki ya Rwanda ndiyo iliyotoa moto mkubwa wa dini ambao haujapata kuonekana katika Afrika ya Mashariki yote.

Mnamo Septemba mwaka 1929, watu wawili walikutana Kampala. Mmoja alikuwa Mwingereza, daktari Joe Church, aliyekuwa akitumika katika hospitali ya misioni huko Gahini. Wa pili alikuwa Mganda, jina lake Simeoni Nsibambi, mtumishi wa serikali katika idara ya afya. (Makarani wenzetu waliangalie hilo: moto ule haukuanza kwa askofu, mmoja wa walioukoka alikuwa mtumishi wa ofisi kama sisi.) Wakakaa pamoja wakisoma Biblia na kuomba. Church aliporudi Gahini, mambo yakaanza kubadilika polepole, na ndugu yake Nsibambi, Blasio Kigozi, akaenda kufundisha huko. Kigozi alikufa Januari 1936 angali kijana, lakini neno lake la kuwaita watu waamke lilikuwa limekwisha kuenea. Miaka michache baadaye watu wa Gahini walivuka Kagera, na kabla ya miaka ya 1930 kwisha uamsho huo ulikuwa umefika Bugufi, na pia Katoke kwenye chuo cha walimu. Tunasema Katoke ile iliyo sasa katika wilaya ya Muleba, wala si Katoke ya Biharamulo penye seminari. Wenyewe waliitwa Walokole, kutokana na neno la Kiganda, yaani waliookoka.

Wengi hukumbuka nyimbo zao na machozi yao. Sisi twapenda kukumbuka vitu walivyobeba. Maana mtu aliyeguswa na uamsho ule hakusimama tu kanisani kusema kwamba amekuwa mwizi. Alikwenda nyumbani, akatoa kile alichokiiba, akakipeleka kwa mwenyewe. Shuka ya hospitali ilirudi hospitalini. Jembe lilirudi kwa jirani. Mtu aliyekwepa kodi alikwenda bomani kulipa asichodaiwa na mtu, na aliyekuwa na deni la zamani alilitafuta kama vile mwenye mali atafutavyo mdaiwa wake. Hata wamisionari Wazungu walisimama mbele ya Waafrika wakakiri hasira yao na kiburi chao, na jambo hilo, kwa siku zile, lilikuwa kubwa kuliko tunavyoweza kulifahamu leo. Nyumbani nako mambo yaligeuka. Mume alikula pamoja na mkewe. Mwanamke aliruhusiwa kula kuku na mayai, ambavyo desturi ilikuwa imemkataza.

Mfano wao ulikuwa Zakayo, yule mtoza kodi wa Yeriko. Nasi twamwona Zakayo kuwa mtu wa karibu sana na makarani. Yesu hakumwuliza imani yake kwa maswali ya katekisimu. Zakayo mwenyewe, akiisha kumkaribisha mgeni wake, alianza kupiga hesabu: nusu ya mali kwa maskini, na kila aliyedhulumiwa arudishiwe mara nne. Hapo ndipo aliposikia kwamba wokovu umeingia nyumbani mwake. Wokovu ulikuja pamoja na hesabu.

Haikuwa raha tupu. Pombe ya ndizi, ambayo wengine huiita rubisi, kwetu si kinywaji tu. Kwa mtungi mmoja na mirija, watu hupatana, huposa, humaliza ugomvi wa mpaka wa shamba. Walokole walipoukataa mtungi, jamaa zao waliona wameukataa ukoo. Wengine walikuwa wakali mno, wakitaja dhambi za wenzao kuliko zao wenyewe. Tena wapo waliodhani kwamba kukiri mbele ya watu kunatosha, na kulipa kungoje. Kukiri bila kulipa ni risiti isiyo na fedha.

Lakini upungufu mkubwa zaidi ulikuwa mwingine, na huo hatukuuona kwa miaka sitini. Katika miaka ile ile ya 1930, Wabelgiji waliokuwa wakitawala Rwanda waliwaandikisha watu na kuwapa vipande, na katika kila kipande pakaandikwa kabila: Mhutu, Mtutsi, Mtwa. Fikirini, ndugu. Huku kilima kimoja watu wakilia na kurudisha shuka na majembe. Kilima cha pili karani ameketi mezani, pengine naye Mkristo mwema, kalamu mkononi, akijaza neno moja mbele ya kila jina. Hakuiba kitu. Hakulewa. Jioni alikwenda nyumbani akaomba. Na neno lile alilolijaza lilidumu katika vipande vya watoto na wajukuu, hata mwaka 1994 likasomwa barabarani na watu wenye mapanga, na aliyeandikwa Mtutsi hakupita.

Hatusemi kwamba karani yule ndiye aliyeua. Twasema kwamba daftari la dhambi lililotumika katika Ukristo wetu lilikuwa na safu ya wizi, safu ya uzinzi, safu ya ulevi na safu ya uganga, na zote zilijazwa kwa bidii. Halikuwa na safu ya dharau. Mtu aliweza kurudisha jembe la jirani yake wala asirudishe neno alilomwita jirani yule. Mwaka 1994 wapo waliokataa kugawanywa, wakawaficha jirani zao darini na mashambani, na wengine wakafa kwa ajili hiyo. Twawaheshimu. Lakini hawakuwa wengi wa kutosha kuyazuia mauaji, na sababu yake, kama tuonavyo sisi, ni kwamba watu wengi hawakuwa wamefundishwa kulihesabu jambo lile kuwa sehemu ya dini.

Sasa turudi upande wetu wa mto, tuseme habari ya mtu aliyejaribu kuiongeza safu iliyokosekana.

Mwaka 1969 Christopher Mwoleka alifanywa Askofu wa Jimbo Katoliki la Rulenge, jimbo ambalo siku hizi huitwa Rulenge-Ngara. Wakati ule mkoa wetu uliitwa Ziwa Magharibi, na nchi nzima ilikuwa ikizungumza Azimio la Arusha la mwaka 1967. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere, naye Mkatoliki, alikuwa amewaambia masista wa Maryknoll huko Marekani kwamba Kanisa lisiposimama pamoja na maskini katika kuipinga hali inayowadhulumu, halitakuwa na maana kwao. Maaskofu wengi walilisikia neno hilo wakaliona zuri. Mwoleka alilisikia akachukua jembe. Katika miaka ya 1970 aliomba kukaa kama mwanakijiji katika kijiji cha ujamaa cha Nyabihanga, akalima pamoja na watu, akala walichokula.

Kwa nini askofu alime? Wapo waliouliza, na si wote waliouliza kwa wema. Wengine walisema amejiingiza katika siasa; wengine waliona haya kwamba baba wa jimbo zima ana matope miguuni. Jibu lake liliwashangaza, maana hakujibu kwa siasa. Alijibu kwa fundisho la Utatu Mtakatifu. Alisema kwamba Wakristo wamelifanya fundisho hilo kuwa kitendawili cha kuteguliwa kwa akili, watatu wawezaje kuwa mmoja, hali Mungu alilitoa liwe mfano wa kuishi. Nafsi tatu zina kila kitu kwa shirika. Hakuna isemayo hiki ni changu. Basi mtu hajaufahamu Utatu mpaka ameanza kushirikiana na jirani yake chakula, kazi, elimu na shida. Ndiyo sababu aliiona ujamaa kuwa njia ya kumfuata Mungu, wala si mpango wa chama tu.

Ninyi walimu mnajua jinsi fundisho la Utatu lilivyo gumu darasani. Sisi wenyewe hatujapata kulisikia likifafanuliwa vizuri kuliko hivyo, na mfafanuzi alikuwa ameshika jembe.

Padre wa Maryknoll, Joseph Healey, alikaa naye Nyabihanga, na mwaka 1981 kitabu chake juu ya maisha ya kijiji kile kilitolewa Marekani. Basi kijiji kisichojulikana hata Bukoba kilisomwa ng'ambo ya bahari. Na mwaka 1976, maaskofu Wakatoliki wa Afrika ya Mashariki walipokutana Nairobi, waliamua kwamba kazi ya kwanza ya Kanisa ni kujenga jumuiya ndogo ndogo za Kikristo: nyumba chache za majirani, zinazosali pamoja, kisha zinauliza nani mgonjwa, nani hana mbegu, nani amegombana na nani. Rulenge ilikuwa imetangulia katika njia hiyo. Leo kila Mkatoliki aliye hapa ana jumuiya yake, na wengi hawajui kwamba jambo hili lina mizizi katika udongo wao wenyewe.

Hapana budi tuseme na upande wa pili. Kati ya mwaka 1973 na 1976 serikali iligeuza hiari kuwa amri. Watu walihamishwa kwa nguvu kuingia vijijini. Mahali pengi nchini nyumba zilivunjwa ili wasirudi. Ushirika wa kuamriwa haukudumu, na mashamba ya pamoja yakawa mashamba ya hakuna mtu. Wengine wakasema, basi Mwoleka alikosea. Sisi twatofautisha. Serikali iliwahamisha watu. Yeye alijihamisha mwenyewe. Aliacha nyumba ya askofu akaenda kwa hiari yake, na asiyetaka kumfuata hakuchomewa nyumba. Aliendelea kuwa askofu hadi mwaka 1996, akafariki dunia Oktoba 2002.

Mwajua maana ya mwaka huo 1996 kwetu? Ni kwamba mzee huyu alikuwa bado askofu wa nchi hii siku ile watu 250,000 walipovuka Rusumo. Mafundisho yake na yale ya wachungaji wa Murgwanza yalipimwa siku ile, bila taarifa.

Jinsi wenyeji walivyofanya katika siku za kwanza, hilo ni jambo la kuandikwa kwa wino usiofutika. Kabla malori ya mashirika hayajafika ya kutosha, watu wa vijiji vya Ngara walitoa ndizi, viazi na maharage, wakaonyesha visima, wakawaweka wagonjwa na wazazi ndani ya nyumba zao. Kihangaza na Kirundi na Kinyarwanda ni lugha ndugu, basi hapakuwa na haja ya mkalimani wa kumwambia mtu kwamba mtoto ana njaa. Wala hawakuuliza kwanza ni kabila gani. Kipande hakikusomwa mlangoni.

Lakini mgeni wa siku moja si mgeni wa miaka miwili. Miti ilikatwa kwa kuni hata vilima vikabaki uchi. Mihogo ilichimbwa usiku. Wauaji walikaa kambini pamoja na wasio na hatia, wakiwatawala kwa hofu. Watu walichoka, na kuchoka kwao tunakufahamu. Kuna na jambo jingine, ambalo halisemwi sana kwa kuwa linatuaibisha: wakimbizi walilimishwa mashamba yetu kwa ujira mdogo kuliko aliolipwa mwenyeji, na mara nyingine kwa chakula tu, kwa sababu hawakuwa na pa kushtaki. Wako waliopanua migomba yao kwa njia hiyo. Sheria ya Musa yaamuru ujira wa kibarua mgeni ulipwe siku ile ile kabla ya jua kuchwa, maana ni maskini na roho yake inautumainia. Mtu aliyetoa ndizi bure mwezi wa Mei ndiye huyo huyo, pengine, aliyepunja ujira mwezi wa Novemba. Binadamu ni hivyo.

Mwezi wa Desemba 1996 serikali ilitangaza kwamba wakimbizi wa Rwanda warudi kwao kabla mwaka haujaisha, na karibu nusu milioni ya watu walirudi kwa daraja lile lile. Baada yao walikuwako Warundi wa kambi ya Lukole. Mpaka wetu haujapata kupumzika kwa muda mrefu.

Basi, na siku hizi za amani? Hapo ndipo tulipotaka kufika, maana ni rahisi kuzungumza juu ya mapanga ya mwaka 1994, na ni vigumu kuzungumza juu ya mizani ya mwaka huu.

Mnaijua butura. Kwa ajili ya mgeni aliyeketi hapa tueleze: ni kuuza kahawa ingali mtini. Mtu ana mgonjwa, au ana msiba, au mtoto ameitwa shule ya mbali naye hana godoro wala sanduku. Mavuno yako mbali. Aenda kwa mwenye fedha, na mwenye fedha ampa, tuseme, shilingi 500 kwa kila kilo ambayo wakati wa mavuno ingempa shilingi 2,000. Mavuno yakija, kahawa yote ni ya mkopeshaji. Mwenye shamba amelima, amepalilia, amechuma na kuanika mali ya mtu mwingine. Na kwa kuwa hakubakiwa na kitu, mwaka wa pili aenda tena kwa mtu yule yule. Serikali imeikataza, na maofisa wameipiga vita. Haijafa, maana shida haijafa.

Tusidanganyane: mkopeshaji huyo aghalabu si mgeni wa kutoka mbali. Ni jirani. Siku ya Bwana ameketi kiti cha mbele, na sadaka yake ni kubwa kuliko ya wote. Wala hajioni kuwa mwizi, kwa sababu walipatana na karatasi ipo. Yule aliyeuza aliweka sahihi kwa hiari, mkewe akiwa amelazwa hospitalini! Sisi makarani ndio tunaoitwa kuiandika karatasi ile. Hapa twarudi kwa karani wa vipande. Hakuna sheria ya kanisa tuijuayo imzuiayo karani kuandika karatasi ya butura. Atapewa soda na elfu moja yake, na dhamiri yake haitamuuma, kwa kuwa katika lile daftari la dhambi hakuna safu ya kalamu.

Tumeona jambo moja likitendeka katika vijiji kadhaa, nasi twalipenda kuliko hotuba hii yetu. Jumuiya ya nyumba kumi au kumi na tano huweka kikoba. Kila wiki, baada ya sala, kila nyumba hutoa kidogo. Na mwenye shida ya ghafula hukopeshwa kabla hajafika kwa mwenye fedha. Riba ni ndogo au hakuna. Daftari husomwa mbele ya wote. Katoliki wana vya kwao, Waanglikana wana vya kwao, na mahali pengine vimechanganywa pamoja na Waislamu, maana kahawa haina dhehebu. Vikoba vingine hufa, kwa kawaida kwa sababu mweka hazina amekula fedha au kwa sababu mzee mwenye nguvu amekopa na hakuna athubutuye kumdai. Vinavyoishi ni vile ambavyo mtu mkubwa hudaiwa kama mtu mdogo. Twawaomba walimu wasaidie kuandika hesabu zake, kwa kuwa vingi havifi kwa wizi bali kwa daftari lisilosomeka.

Kuna na neno juu ya walioko mpakani. Hata leo, mtoto wa Kihangaza akigombana na mwenzake shuleni aweza kuambiwa rudi Burundi, ijapokuwa babu yake na babu wa babu yake walizaliwa Bugufi. Wakati wa Wajerumani Bugufi ilihesabiwa pamoja na Urundi, na baada ya vita vya kwanza Waingereza wakaishika ikawa Tanganyika. Mpaka ulichorwa na watu waliokuwa mbali. Tunawasihi walimu wasiyacheke maneno hayo ya watoto. Na maofisa wanaoandikisha watu, mkulima mwenye kusema Kihangaza anapokuja kuomba kitambulisho, wamwulize yanayotakiwa na sheria, wasimwulize kwa dharau. Tunajua kwamba wahamiaji wasio na ruhusa wapo na kazi ya kuwachunguza ni halali. Lakini kazi halali yaweza kufanywa kwa uso wa namna mbili, na yule mkulima ataukumbuka uso kuliko fomu.

Sisi wa mezani, basi, tuna mambo matatu tuwezayo kuyafanya bila kungoja mtu: kumsomea mtu asiyejua kusoma karatasi yote kabla hajaweka dole gumba, pamoja na zile herufi ndogo za chini; kutochukua fedha kwa muhuri ambao ni wa bure; na kukataa kuandika butura, hata kama mwenye fedha atampata karani mwingine. Naam, atampata. Hilo tumeambiwa mara nyingi, nalo ni kweli. Lakini Nyabihanga nako waliambiana kwamba askofu mmoja akilima hatashibisha jimbo.

Msimu wa kuchuma kahawa u karibu, na wanaonunua ingali mtini wamekwisha kuanza kuzunguka. Kwa hiyo twaona heri wakati uliobaki tuutumie kuulizana ni vijiji gani vina vikoba na ni vipi havina, na kila mwalimu aandike jina la kijiji chake katika karatasi inayopita. Mzee wa Bushubi ameinua mkono tangu tulipotaja butura. Karibu, mzee, sema.